Kabichi mbele ya kanisa kuu: uchambuzi wa kisa cha bustani za Leningrad, 1942

Tarehe 19 Machi 1942, theluji ikiwa bado imetanda katika mitaa ya Leningrad, mji wa Urusi uliokuwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani, Kamati ya Utendaji ya Baraza la Mji ilipitisha kanuni kuhusu bustani binafsi za wafanyakazi na vyama vyao. Kanuni hiyo ilifungua ardhi ya mjini na ya viungani ilimwe mboga na watu wa kawaida, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika jembe, na karibu wote wakiwa wamedhoofishwa na njaa kiasi kwamba kupanda ngazi za nyumba zao ilikuwa kazi ya kupumzikia katikati. Miezi michache baadaye safu za kabichi zilikuwa zimesimama katika Uwanja wa Mtakatifu Isaka, mbele ya kanisa kuu lenye kuba la dhahabu, na picha za safu hizo zimesambaa duniani kote.

Nimekichagua kisa hiki kwa kuwa ni miongoni mwa visa vichache ambamo kilimo cha mjini katika nchi ya baridi kilipimwa kwa uhai wa watu, tena takwimu zake zikabaki. Wanaokisimulia huanza na ardhi: viwanja vya fahari vilivyolimwa, bustani za kifalme zilizogeuzwa matuta. Mimi naamini kwamba ardhi ndiyo iliyokuwa na uzito mdogo zaidi. Kilichoamua mavuno kilikuwa kalenda, mbegu na ulinzi, na thamani ya mavuno hayo haikuwa katika kushibisha, bali katika kuziba upungufu mmoja ambao mkate haukuweza kuuziba.

Mji ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani tarehe 8 Septemba 1941, siku ileile ambayo maghala ya chakula ya Badayev yaliteketea kwa mabomu. Kuanzia tarehe 20 Novemba hadi tarehe 25 Desemba mgao wa mkate wa mtu asiye mfanyakazi wa viwandani, pamoja na ule wa mtoto, ulikuwa gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe ulichanganywa na vitu visivyo nafaka, yakiwemo makapi ya mbao. Kwa hesabu ya nishati, kipande hicho hakikufikia kalori 300. Baridi ya Januari ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, mabomba ya maji yakaganda, na watu wakateka maji ya mto Neva kwa ndoo kupitia matundu yaliyochongwa kwenye barafu. Makadirio ya waliokufa katika mzingiro wote, uliokwisha Januari 1944, huanzia zaidi ya 600,000 na kupita milioni moja, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea katika majira hayo ya kwanza ya baridi.

Kufikia Machi mgao ulikuwa umepanda kwa sababu ya malori yaliyopita juu ya barafu ya ziwa Ladoga, ile iliyoitwa Barabara ya Uhai. Hata hivyo, watu waliendelea kudhoofika, na hapa ndipo uchambuzi wa kisa unapopaswa kuwa makini. Njaa ya Leningrad haikuwa ya aina moja. Ilikuwapo njaa ya nishati, ambayo dawa yake ni nafaka na mafuta, na vyote viwili vililetwa kwa malori. Chini yake ilikuwapo njaa nyingine, ya vitamini C, iliyojitokeza kama kiseyeye: ufizi unaovuja damu, meno yanayolegea, vidonda vinavyokataa kupona, miguu inayouma hata mtu hawezi kusimama. Mkate na nafaka kavu havina vitamini C ya kutajika. Wakati wa baridi mji ulijitengenezea kinywaji cha majani ya misonobari kilichochujwa viwandani na katika vituo vya afya, nacho kilisaidia, ingawa kilikuwa kichungu na hakikumfikia kila mtu. Ilipofika masika, yaani majira ya mimea kuchipua baada ya baridi, wataalamu wa mimea walitoa maelekezo kuhusu magugu yanayolika, na upupu wa Ulaya pamoja na majani ya dandelioni vikaingia katika supu za migahawa ya umma. Magugu, hata hivyo, humalizika pale yanapochumwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja.

Kalenda ndiyo iliyofanya uamuzi wa Machi uwe wa maana. Leningrad, ambayo leo ni Saint Petersburg, iko karibu na latitudo 60 kaskazini. Katikati ya Desemba urefu wa mchana ni saa sita hivi tu, na katikati ya Juni unakaribia saa 19, zile siku ambazo anga halipati giza kamili. Mtu aliyezoea Mwanza au Mombasa, ambako tofauti ya mchana kati ya mwezi na mwezi haihisiki kabisa, huenda akadhani kwamba adui wa mkulima wa kaskazini ni baridi peke yake. Adui mkubwa zaidi ni ufupi wa msimu. Jalidi, yaani ule umande unaoganda na kuunguza majani, huweza kurudi hata mwezi Mei, na mwanzoni mwa vuli, yaani majira yanayotangulia baridi, hubisha tena hodi. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna miezi minne na ushei ya kupanda, kukuza na kuvuna. Aliyekosa majuma matatu ya mwanzo hana msimu wa pili wa kufidia, wala mvua za vuli za kusubiri kama za Afrika Mashariki.

Kwa hiyo kazi ya bustani ya mwezi Julai huamuliwa Machi. Kabichi ya kukomaa mapema huhitaji takriban miezi miwili na zaidi kidogo tangu miche kuhamishwa hadi kuvunwa, na ile ya kuchelewa, inayohifadhika vizuri, huhitaji zaidi ya siku 100. Ukiongeza majuma matano au sita ambayo mche hukaa kitaluni, utaona kwamba anayeanza kusia mbegu ardhi inapoyeyuka Mei, tena nje, amekwisha kuipoteza kabichi ya kuchelewa. Anayesia Machi au Aprili chini ya vioo au ndani ya chumba chenye dirisha huwa ameongeza mwezi mmoja na nusu kwenye mwaka wake, na katika nchi ya msimu wa miezi minne na ushei hiyo ni zawadi kubwa. Serikali ya mji ililielewa jambo hili, ndiyo maana msaada wa miche na elimu ya kuitumia kwa uangalifu ulikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Viwanda fulani viliagizwa kutengeneza zana za mikono, vijitabu vya kanuni za kilimo cha mboga vikachapishwa, na gazeti la Leningradskaya Pravda likachapisha maelekezo kwa wakulima wapya.

Wiki moja tu baada ya kanuni ile, kuanzia tarehe 27 Machi hadi tarehe 15 Aprili, watu wapatao 300,000 walitoka kusafisha mji. Waliondoa takriban tani milioni moja za theluji, barafu na uchafu wa miezi mingi, pamoja na maiti zilizokuwa zimefunikwa humo. Kazi hiyo husimuliwa kama hatua ya kuzuia magonjwa ya mlipuko, na ni kweli ilikuwa hivyo. Ninaiweka ndani ya kisa cha bustani kwa sababu ilionyesha kwamba watu wale waliodhoofika waliweza bado kupangwa, kupewa majembe na kufanya kazi ya pamoja kwa zamu. Tarehe 15 Aprili tramu za abiria zilianza tena kutembea. Bila usafiri, mkazi wa katikati ya mji asingeweza kukifikia kiwanja chake kiungani na kurudi akiwa hai.

Ardhi ilitolewa kwa njia mbili. Viwanda na ofisi zilifyeka maeneo yaliyokuwa wazi karibu nazo na kuanzisha mashamba ya ziada ya kulisha migahawa yao, yakilindwa usiku na mchana na wafanyakazi wenyewe. Pamoja na hayo, mfanyakazi ambaye jina lake lilikuwa katika orodha iliyoidhinishwa na mkuu wake wa kazi alipewa kiwanja cha mita za mraba 200 hadi 300. Katika majira hayo ya masika yaliundwa mashamba ya ziada 633 na vyama vya wakulima wa bustani 1,468. Nafasi ndogo za katikati ya mji, yaani viwanja vya umma, bustani za mapumziko, nyua za majengo na kingo za barabara, zililimwa pia, ikiwemo uwanja wa wazi uitwao Mars Field na bustani ya kale ya Summer Garden, na ndizo zilizoingia katika picha. Kwa eneo, hata hivyo, zilikuwa sehemu ndogo ya kazi yote. Sisemi hivi ili kuzishusha. Tuta la kabichi linaloonekana na kila apitaye lilikuwa pia darasa, kwani wengi walijifunza kwa kuangalia, na liliwaambia watu waliokuwa wamekata tamaa kwamba kuna mtu anayepanga mambo ya vuli ijayo.

Uamuzi ulionigusa zaidi katika kisa hiki ni ule wa viazi mviringo. Kwa desturi mkulima hupanda kiazi kizima au nusu yake, ili chipukizi lipate chakula cha akiba hadi mizizi ishike. Katika mji wenye njaa, kuzika kiazi kizima ardhini kilikuwa kitendo kizito, na pia viazi vya mbegu havikuwapo kwa wingi. Watu walielekezwa kukata kipande kidogo chenye jicho lililochipua na kukipanda hicho peke yake, huku nyama iliyobaki ikiliwa. Njia hii hufanya kazi kwa sababu chipukizi lote la mmea limo katika jicho, lakini ina gharama yake: kipande kidogo hakina akiba, hivyo huhitaji udongo laini, wenye unyevu na joto la kutosha, na kikipandwa mapema katika udongo baridi huoza. Mtu aliyepanda macho ya viazi alihitaji uangalifu kuliko aliyepanda viazi vizima. Elimu ilichukua nafasi ya mbegu iliyopungua, na elimu hiyo ilipatikana kwa kuwa mji ulikuwa na watu waliojua.

Baadhi ya watu hao walifanya kazi palepale katika Uwanja wa Mtakatifu Isaka. Taasisi ya mimea ya kilimo iliyojengwa na mwanasayansi wa mimea Nikolai Vavilov, aliyekamatwa Agosti 1940 na kufa gerezani Saratov Januari 1943, ilikuwa na majengo yake katika uwanja huo, ikiwa imehifadhi mbegu na vinasaba vya mazao kutoka mabara mengi, pamoja na nafaka alizozikusanya mwenyewe Ethiopia na Eritrea katika safari yake ya 1926 hadi 1927. Viazi vya mkusanyiko huo viliokolewa kutoka kituo cha Pavlovsk Wajerumani walipokuwa wakisogea, vikahifadhiwa ghalani ambako watunzaji walichoma chochote walichokipata ili visigande. Watafiti kadhaa wa taasisi hiyo walikufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na mbegu zinazolika. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, na Alexander Shchukin, mtaalamu wa karanga, ni wawili kati yao. Masika ya 1942 viazi vilivyosalia vilipandwa tena katika ardhi ya mji ili visipoteze uhai, na wataalamu waliobaki walishiriki kuwaelekeza wakulima wapya.

Wako wanaouliza, kwa uchungu unaoeleweka, kwa nini mkusanyiko ule haukuliwa. Jibu la hesabu ni kwamba kila aina iliwakilishwa na kiasi kidogo mno, na yote kwa pamoja yasingebadilisha hali ya mji wenye mamilioni ya watu. Jibu la kilimo ni kwamba mbegu iliyoliwa Januari haipandwi Mei. Jibu la tatu, ambalo ni la watu wenyewe waliochagua, ninaliheshimu bila kujaribu kulieleza kwa niaba yao.

Ulinzi haukuwa jambo la pembeni. Kichwa cha kabichi kinaonekana kutoka mbali, hakifichiki, na hukaa wazi kwa majuma mengi kabla ya kukomaa. Katika mji wenye njaa, bustani isiyolindwa ingevunwa ikiwa changa, na mche unaong'olewa mwezi Juni hutoa majani machache badala ya kilo mbili za mwezi Septemba. Zamu za saa 24 katika mashamba ya viwanda zilikuwa njia ya kuiruhusu mimea imalize siku zake. Hapa pia ndipo udhaifu wa mpango unapoonekana. Ardhi ilipofuata orodha za kazi, aliyekuwa nje ya orodha, kwa mfano mzee, mjane anayelea watoto au mgonjwa asiyeajiriwa, alikuwa mbali zaidi na tuta, na watu hao ndio waliokuwa na kadi ya mgao mdogo kuliko wote. Mpango uliofuata njia ya ajira ulikuwa wa haraka, na huenda usingewezekana kwa njia nyingine ndani ya wakati ule, lakini ulirudia mgawanyo uleule wa mkate.

Mavuno ya mashamba ya serikali, mashamba ya ziada na bustani binafsi kwa pamoja yalikuwa tani 77,000. Takwimu hii inastahili kufanyiwa hesabu kabla ya kushangiliwa. Tukichukulia watu milioni moja kwa urahisi wa kugawa, ingawa kufikia mwisho wa 1942 uhamishaji na vifo vilikuwa vimewafanya wapungue chini ya hapo, kila mtu angepata kilo 77 kwa mwaka, sawa na gramu 210 hivi kwa siku. Kilo moja ya kabichi ina takriban kalori 250, na ya viazi kama 770. Hata mavuno yote yangekuwa viazi, mgao huo ungempa mtu kalori zipatazo 160 kwa siku, na yangekuwa kabichi tupu, kalori 50 na kitu. Mtu mzima huhitaji 2,000 na zaidi. Kwa kipimo cha nishati, basi, bustani za Leningrad hazikuulisha mji, na anayesema ziliulisha anawapokonya sifa yao madereva waliovuka ziwa na mabaharia waliovusha mizigo kwa majahazi kiangazi kile.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa vitamini C hubadilika kabisa. Kabichi mbichi ina takriban miligramu 36 kwa kila gramu 100, na miligramu 10 kwa siku hutosha kuzuia kiseyeye. Gramu 30 za kabichi mbichi, yaani jani moja la ukubwa wa kiganja au mawili, humtosha mtu mmoja. Hata tukiondoa nusu kwa ajili ya kupika na kuhifadhi, bado gramu 210 za mboga zina ziada kubwa. Na kabichi ina sifa nyingine ambayo wapishi wa kaskazini waliijua kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuitaja vitamini: ikikatwa nyembamba, ikatiwa chumvi na kukandamizwa katika pipa, huchacha yenyewe na kubaki na sehemu nzuri ya vitamini yake hadi masika. Mavuno ya Septemba yaliliwa Februari.

Majira ya baridi ya 1942 hadi 1943 hayakurudia maafa ya yale yaliyotangulia. Sababu zilikuwa nyingi na haziwezi kutenganishwa kwa mizani: watu walikuwa wachache zaidi, mgao ulikuwa mkubwa zaidi, na bomba la mafuta lililotandazwa chini ya ziwa Ladoga lilianza kazi Juni 1942. Bustani ni mojawapo ya sababu hizo. Ninazipa nafasi yake kamili katika kupungua kwa kiseyeye na sehemu ndogo tu katika kupungua kwa vifo vya njaa.

Kisa hiki kinawahusu moja kwa moja Waswahili na Waafrika Mashariki wengine wanaoishi Helsinki, Oslo au Stockholm, miji iliyo karibu na latitudo ileile. Sukuma wiki na kabichi ni spishi moja, Brassica oleracea, na ndiyo sababu sukuma wiki huvumilia jalidi ya vuli, hata majani yake huwa matamu zaidi baada ya kupigwa nayo. Mchicha, bamia na kunde hazina uvumilivu huo, na kwenye roshani ya kaskazini huhitaji ukuta unaoelekea kusini na miche iliyoanzishwa ndani. Mwenye roshani ya mita za mraba nne asijipimie kwa swali la kama bustani yake italisha nyumba, kwani hata mita 200 za Leningrad hazikufanya hivyo. Asie sukuma wiki dirishani mwishoni mwa Machi, ahamishie miche minne au mitano katika vyungu vya lita 10 au 15 jalidi ya Mei ikishapita, na achume majani ya chini akiacha kilele kiendelee. Atapata mboga mbichi hadi Oktoba, kwa kiasi ambacho hesabu ya vitamini hapo juu inakitambua. Jambo moja analoweza kulifanya ambalo watu wa 1942 hawakuwa na uchaguzi nalo ni kuepuka udongo wa kando ya barabara na wa chini ya kuta za majengo ya zamani, ambao mara nyingi huwa na madini ya risasi, yaani metali yenye sumu, kutokana na petroli na rangi za zamani. Udongo safi wa kununua ndani ya chungu huondoa tatizo hilo.

Treni ya kwanza iliingia Leningrad tarehe 7 Februari 1943, baada ya mzingiro kuvunjwa upande mmoja wa ziwa. Reli ilileta nafaka, nyama na mafuta, lakini masika yale watu walirudi tena kwenye matuta, safari hii wakiwa na mwaka mmoja wa ujuzi.